Tulivyokodi mwongozaji wetu wenyewe Moshi

Mwezi wa sita nilisafiri na baba kwenye safari ya kikundi, Dar hadi Ngorongoro, kwa basi la kukodi. Ratiba ilikuwa kulala Same, kufika Moshi saa moja asubuhi, kisha kuondoka saa sita kamili kwenda Karatu. Kwa muda huo wa Moshi waandaaji walikuwa na ziara yao ya mji, shilingi 45,000 kwa kichwa. Mimi nilitafuta mwongozaji binafsi, nikampata kupitia mfanyakazi mwenzangu ambaye kwao ni Kibosho. Tukakubaliana 70,000 kwa watu wawili, nauli za bajaji juu yetu. Nampa nyota nne kati ya tano.

Baba ana miaka 74. Alifanya kazi reli karibu maisha yake yote, kwenye genge la kutengeneza njia. Hilo nilimwambia kijana, yule mwongozaji wetu, kwenye simu siku mbili kabla, na nadhani ndiyo maana siku ile ilienda ilivyoenda.

Alitupokea basi liliposimama, kitambulisho chake cha uongozaji kikiwa shingoni, akamwamkia baba na kumpokea mfuko. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Dada, tuanze na mlima. Ikigonga saa tatu mawingu yanafunga." Akatusogeza mahali ambapo nyumba hazizuii, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa wazi juu mpaka chini, mita 5,895 zile zote. Baba alivua kofia. Wenzetu wa ziara ya basi walianza na chai, na walipomaliza kilichobaki upande ule kilikuwa ukungu mweupe tu. Wengine walikuwa wanakuja kaskazini kwa mara ya kwanza. Niliwahurumia kweli.

Kutoka hapo tulitembea kwa miguu hadi stesheni. Njiani alitueleza jambo ambalo sikulijua: Wajerumani waliweka boma lao juu, Old Moshi, kwenye nchi ya Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huko, ambaye walimnyonga mwaka 1900. Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 iliishia huku chini, na mji ukaifuata. "Kwa hiyo stesheni ndiyo iliyouzaa mji," baba akasema. Kijana akamjibu, "Ndiyo, mzee. Ndiyo maana nimekuleta hapa kabla ya sokoni."

Aliongea na mlinzi kwa adabu, tukaruhusiwa kufika ukingoni mwa jukwaa. Hakukuwa na treni. Treni ya abiria kutoka Dar ilirudi Desemba 2019 baada ya kukatika zaidi ya miaka 20, lakini siku ile njia ilikuwa tupu, majani yameota katikati ya mataruma, yale yanayolazwa chini kubeba reli. Baba akachuchumaa polepole, akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni, akaanza kukwangua kutu ubavuni mwa chuma. Kuna maandishi pale, jina la kiwanda na mwaka, yanatokeza kidogo kama makovu. Akasoma kwa kidole, herufi moja moja. Tarakimu ya mwisho ilikuwa imeliwa na kutu, na yeye hakutaka kukisia. Tulikaa pale dakika arobaini. Kijana hakuangalia simu hata mara moja. Aliuliza mataruma ya chuma yanafungwaje, genge lilikuwa na watu wangapi, mvua kubwa ikisomba kokoto mnafanyaje. Baba alijibu yote. Mimi mwenyewe mengine nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Sokoni tulipita haraka. Mama mmoja alitutenganishia ndizi na kutuonyesha mshare, akasema mtori bila mshare si mtori. Tulinunua kimea cha ulezi ambacho shangazi aliagiza.

Sasa ile nyota moja. Nje ya jengo la KNCU, ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, alitusimulia vizuri jinsi wakulima wa kahawa walivyoanzisha umoja wao mwaka 1925, ukaja kuwa chama kikuu cha ushirika mwaka 1933. Ilitosha. Lakini baada ya hapo alitupitisha kwenye duka la vinyago ambalo hatukuliomba, na halafu akatuketisha mahali pa kuonja kahawa inayokaangwa mbele yako. Kahawa ilikuwa nzuri sana. Ila saa tano na nusu ilikuwa imeshapita, na kukaanga kahawa hakuna haraka. Nilimkumbusha mara mbili. Tulifika kwenye basi saa sita kasoro dakika nne, baba akihema, na hilo lilinikera.

Ndugu yangu anayehudumia wageni wa meli za kitalii kule Zanzibar alikuwa ameshanionya. Ukienda na ziara ya meli yenyewe, mkichelewa meli kwa kawaida inawasubiri. Ukienda na mtu wako, kuchelewa ni kwako na meli inang'oa nanga. Basi letu lilikuwa na sheria hiyo hiyo, na wenye ziara yao walirudi saa sita na robo bila wasiwasi wowote. Ningekuwa narudia, ningemwambia mwongozaji kwamba basi linaondoka saa tano na nusu. Na ningemwambia mapema, bila kuona haya, kwamba duka hatutaki.

Zile 70,000 nilimlipa zote, na baba akamwongezea 10,000 kutoka mfukoni mwake, jambo ambalo huwa halifanyi. Tulipofika Karatu jioni aliniomba simu. Alikuwa anampigia kijana kumwambia kwamba amekumbuka jina la nyundo ile ndefu aliyoulizwa pale jukwaani.