Skana ya mkononi ama ya mezani? Uzoefu wangu nikiwa Kisumu

Niseme mapema ndio usihangaike kusoma mpaka chini: kama uko na pesa ya skana moja tu (redio ya kusikiliza inayopitia masafa mengi ikitafuta mahali mtu anaongea) na unakaa huku kwetu, iwe Kisumu, Kakamega, Busia ama hata Nakuru, chukua ya mkononi, halafu pesa itakayobaki iweke kwa antena ya nje na waya mzuri. Mimi niko na zote mbili. Ya mkononi ni Uniden Bearcat BC125AT, ya mezani ni BC355N ya kampuni hiyo hiyo, na zote nimezitumia vya kutosha kujua kila moja inanifaa wapi na inanichosha wapi.

Mimi nasikiliza ndege. Hiyo ndiyo hobi yangu tangu niko shule, nilikuwa nasimama nje naangalia zile zinashuka upande wa Usoma na natamani kujua rubani anaambiwa nini. Sasa kitu cha kwanza cha kujua ni kwamba marubani na mnara wa kuongoza ndege wanaongea kwa masafa (namba za mawimbi ya redio) ya kati ya 118 na 137 MHz, na wanatumia AM, si FM, hizo ni njia mbili tofauti za kubeba sauti. Hii AM ndio inaangusha watu wengi wanaonunua zile redio za Baofeng UV-5R za mkononi wakidhani watasikia ndege. UV-5R ya kawaida ni ya FM na inaanzia 136, kwa hivyo mazungumzo ya ndege huyapati hata upande juu ya mti, na tena hiyo ni redio ya kurusha, mambo yake ya leseni ni mengine kabisa. Skana haina kitufe cha kuongea, ni masikio tu.

Sasa kwa nini nasema antena kabla hata ya kuongea kuhusu skana zenyewe. Masafa haya yanatembea kwa mstari, kama jicho, kama kuna kilima kati yako na mwenye kuongea basi imekwisha. Hesabu yake si ngumu, chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita za upeo wa redio. Ndege ikiwa futi 35,000, hiyo ni kama mita 10,700, upeo wake unapita kilomita 420. Kampala iko kama kilomita 250 kutoka hapa ukipima kwa mstari ulionyooka, kwa hivyo rubani yuko juu ya Uganda akiongea, mimi nikiwa kwa veranda yangu hapa Mamboleo namsikia vizuri tu. Lakini mnara wenye antena ya mita 20 upeo wake ni kilomita 18 hivi, unaongeza zako kidogo, basi.

Ndio maana huku kwetu utasikia nusu ya mazungumzo. Eldoret kwa mfano, ule uwanja uko juu kule na ukingo wa milima ya Nandi uko katikati yetu, kwa hivyo nasikia rubani akisema anashuka, nasikia anarudia maagizo aliyopewa, lakini mwenye kumpa maagizo simsikii kamwe. Mwanzoni inakera halafu unazoea, unaanza kujua swali kutokana na jibu, kwa sababu rubani lazima arudie kile ameambiwa, urefu, uelekeo, njia ya kutua, kwa hivyo kwa kweli hukosi kitu kikubwa. Uwanja wetu wa Kisumu ndio napata pande zote mbili, na ile raha ya kusikia "cleared to land" (umeruhusiwa kutua) halafu unainua kichwa unaiona kweli inakuja na taa zimewaka, hiyo siwezi kukueleza ukaelewa, jaribu mwenyewe.

Haya, ya mezani. BC355N inakaa kando ya kitanda na nikiwa nyumbani jioni hiyo ndiyo nawasha. Spika yake ni kubwa kuliko ya mkononi na sauti haichoshi masikio, namba zinasomeka ukiwa mbali, na hakuna mambo ya betri kuisha ndege ikiwa njiani. Iko na chaneli 300, yaani nafasi za kuhifadhi masafa. Shida yangu nayo ni mbili. Ya kwanza haiandiki majina, inakuonyesha masafa tu, kwa hivyo ikisimama kwa 126.9 lazima ukumbuke mwenyewe hiyo ni ya nini (hiyo ni ile marubani wa Afrika hutangaziana wako wapi wakipita anga ambazo mawasiliano na ardhi si ya kutegemea, na kwangu ikitokea nasimamisha kila kitu nasikiliza). BC125AT inakubali uandike jina la herufi hadi 16 kwa kila chaneli kati ya zile 500, na hii kitu inaonekana ndogo mpaka siku umejaza chaneli nyingi na hukumbuki hata moja.

Shida ya pili ni umeme. Hizi za mezani za Marekani zinakuja na adapta ya 120 volti, na sisi tuko 240, ukichomeka tu hivyo umechoma adapta na pengine skana yenyewe. Adapta yao niliiweka kabatini, nikatafuta ya hapa inayotoa volti 12, pini ya katikati ikiwa chanya, hakikisha hiyo polariti kabla ya kuwasha. Uzuri ni kwamba skana yenyewe inataka volti 13.8 za DC, ilitengenezwa iweze kukaa kwa gari pia, kwa hivyo betri ya sola ya volti 12 inaibeba bila neno. Stima ikipotea huku na unajua vile hupotea mvua ikianza, naihamisha kwa betri ya sola na naendelea, niliweka fyuzi kwa waya wa chanya na nawe uweke. Lakini uwe makini na inveta na chaja za bei ya chini, zinatoa kelele mbaya sana kwa AM, kuna taa moja ya LED ya sebuleni nikiizima kelele inashuka mpaka ndege ya mbali inatokea kutoka pahali hapakuwa na kitu. Kabla ya kulaumu skana zima vitu vya nyumba kimoja kimoja usikie.

Na paa. Karibu sisi wote tuko chini ya mabati na mabati ni ukuta kwa redio. Ile antena ya kuvuta iliyokuja na ya mezani ukiiacha ndani ya nyumba ya mabati utasema skana ni mbovu, na si mbovu. Hapo ndipo ya mkononi inaishinda ya mezani bila kujaribu, unatoka nayo nje. Mkia wake wa mpira, ile antena fupi inayokuja nayo, ukiwa nje unasikia kuliko ya mezani ikiwa ndani, nimelinganisha chaneli kwa chaneli ndege ile ile ikipita.

Kwa hivyo nikatengenezesha antena ya nje. Nilienda kwa fundi mmoja pale Kibuye na vyuma vya kuchomelea vitano na soketi ya SO-239 (tundu la kufungia waya wa antena), nikamwambia, "Fundi, nikatie moja sentimita 56, hizi nne zingine 59, ile moja isimame juu na hizi nne zilale chini kama hivi." Akazigeuza geuza, akaniuliza, "Kijana, hii ni ya TV?" Nikamwambia, "Hapana mzee, ni ya kusikiliza ndege." Akanyamaza kidogo akasema, "Basi lete nikupigie laini kabisa, ndege si kitu ya mchezo." Na kweli akaikunja zile nne kwa pembe ya 45 kila moja sawa na mwenzake, kazi safi. Urefu huo unatoka kwa hesabu ya robo ya wimbi, 75 gawanya kwa 127 unapata 0.59 ya mita, ile ya kusimama unaipunguza kidogo. Nikaiweka juu ya bomba la plastiki kwa mgongo wa nyumba, nikashusha na waya wa dishi ule wa RG-6, uko kila duka la umeme. Huo waya ni wa omu 75 na skana inataka 50 lakini kwa kusikiliza tu hutaona tofauti, na unapoteza kidogo kuliko RG-58 ile nyembamba ambayo watu wanakuuzia wakisema ndiyo ya redio. Maungio yote yazungushie tepu ya mpira, mvua ya huku ikiingia kwa waya basi waya umeisha.

Hii antena ndiyo ilibadilisha kila kitu, si skana. Na BC125AT iko na kichwa cha antena cha BNC, kile cha kuzungusha kidogo kinatoka, kwa hivyo unang'oa mkia wa mpira unachomeka waya wa nje na ya mkononi inakuwa ya mezani, nunua kidude cha kugeuza kichwa cha waya tu. BC355N yenyewe nyuma iko na tundu kama la antena ya redio ya gari, nayo inataka kidude chake. Kitu cha kuangalia, ukiweka ya mkononi kwa antena kubwa hapa mjini inaweza kuzidiwa na redio za FM, kwa sababu 88 mpaka 108 iko jirani kabisa na ndege, unaanza kusikia muziki pahali hapafai kuwa na muziki. Kuna kichujio kidogo cha kukata FM, kinakaa kati ya waya na skana, kwangu kilimaliza hiyo shida. Ya mezani ilistahimili vizuri zaidi, hapo naipa haki yake.

Radi sasa. Tafadhali hii usiipite. Ukanda huu wetu kutoka ziwani mpaka Kericho na Kisii ni wa radi sana, kila mtu amekulia kusikia watu wamepigwa. Chuma juu ya paa na waya unaoingia chumbani si kitu cha kuacha hivyo hivyo. Mimi nimeshusha waya wa ardhi kutoka kwa nguzo, na mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa alasiri nachomoa waya wa antena kabisa na kuutoa nje ya dirisha, siachi hata kama kuna ndege naingoja. Hapo ndipo tena narudi kwa ya mkononi na mkia wake wa mpira, nakaa ndani nasikiliza marubani wakiomba kuzunguka ile mvua ambayo naiona kwa dirisha. Hizo ndizo dakika ninazipenda kuliko zote za hii hobi.

Betri za ya mkononi ni mbili za AA. Nunua za kuchaji, na ukifungua kifuniko nyuma utaona swichi ndogo ndani, upande mmoja ni wa betri za kawaida na mwingine ni wa kuchaji. Ukiweka betri za kawaida na swichi iko upande wa kuchaji halafu uchomeke USB, zinaweza kuvuja ama kupasuka, kwa hivyo mtu yeyote akikuazima hiyo skana angalia swichi kwanza. Kwa matembezi ni tamu, naenda nayo Riat pale juu ambapo mji wote na ziwa viko chini yako, huko sihitaji antena yoyote. Naenda nayo Dunga pia, nikiweka 156.8 ambayo ni chaneli 16 ya vyombo vya majini, lakini mara nyingi kumenyamaza, wavuvi wetu wanapigiana simu. Vaa earphone. Usisimame kwa ua wa uwanja wa ndege na antena mkononi, askari ana haki ya kukuuliza, na akikuuliza mwonyeshe kwa heshima kwamba haina kitufe cha kuongea.

Na hapo kwa askari, wale mnaoniuliza kama itashika polisi, mimi sisikilizi huko na siwezi kukusaidia, mawasiliano ya kidijitali yaliyofungwa skana ya analogi haifungui. Vifaa vya redio hapa Kenya vinasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998, ulizia kwao kabla ya kuagiza usije ukakwama forodhani, na chochote unachosikia ambacho si cha umma usikirekodi ukisambaze WhatsApp. Masafa ya viwanja yako kwa ile AIP (kitabu rasmi cha taarifa za anga) ya KCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, anzia hapo.

Kuna wengine watasema nunua ile dongle ya USB ya RTL-SDR, kidude unachochomeka kwa kompyuta ikawa redio, ni bei ndogo kuliko hizi zote. Ni kweli na ni nzuri, inashika kuanzia kama 24 mpaka 1,766 MHz na unaona mawimbi kwa skrini, lakini inataka laptop iwe imewaka muda wote na mimi nataka kitu nawasha nikiwa jikoni.

Ukiamua ya mkononi, weka ile dilei (muda skana inangoja kabla ya kuendelea) ya sekunde mbili kwa kila chaneli ya ndege, bila hiyo skana itaruka kabla mnara haujajibu. Jaza benki (kundi la chaneli) ya kwanza na Kisumu pekee, ya pili Eldoret na wa juu kwa juu, wale wanaopita tu bila kutua, na skwelchi, ile ya kuzima mchirizo wakati hakuna anayeongea, uipandishe mpaka mchirizo ukatike tu, usipite hapo. Ukipita, zile ndege za upande wa Uganda zinakupita na hutajua zilikuwepo.