Uzoefu wangu: kikundi cha kuweka na kukopa cha jumuiya yetu Bagamoyo, hasa Kwaresima hii

Wengi mmeniuliza kuhusu kikundi chetu cha jumuiya, yaani jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki, huku Magomeni Bagamoyo, basi naandika hapa mtu ajisomee mwenyewe. Utaratibu ni wa vicoba kama vingine, tunakutana kila wiki, hisa moja elfu mbili na mwisho hisa tano kwa kikao, unakopa mpaka mara tatu ya akiba yako, watano watano mnadhaminiana. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu, hela inahesabiwa mbele ya wote na mwisho wa mwaka tunagawana. Hapo hamna kipya.

Kipya ni Kwaresima. Kuanzia Jumatano ya Majivu sanduku halifunguliwi kabla ya neno na tafakari, halafu kile ulichojinyima wiki hiyo, iwe soda, vocha, nyama, unatumbukiza kwenye mfuko wa jamii na jina haliandikwi. Mfuko huo hauna riba, mwenye mgonjwa au msiba anapewa, mwingine atarudisha na mwingine hadaiwi kabisa. Mi napenda hii kuliko bahasha ya kawaida ya sadaka ya Kwaresima kwa sababu unaona kabisa mfungo wako umemfikia nani.

Mwaka huu 2026 Majivu yalikuwa Februari 18 na Ramadhani ikaingia wiki hiyohiyo. Sasa Bagamoyo Waislamu ndo wengi, mama ntilie mchana anapika amuuzie nani? Tuna mama mmoja anauza wali samaki jirani na soko la samaki, marejesho yakamshinda, na katiba yetu inasema ukichelewa ni faini. Tukaja kujua alishachukua kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, huko mtaani ili atulipe sisi, yaani anakopa kwa watu wanaomgongea mlango kila asubuhi na wameshamtishia kubeba friji, ili tu asiaibike mbele ya wanajumuiya wenzake. Iliniuma sana.

Siku hiyo somo lilikuwa Isaya 58, pale Mungu anaposema saumu anayoitaka ni kufungua vifungo na kulegeza kamba za nira. Katekista akatukumbusha mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika hapa hapa Bagamoyo 1868, kwamba walitoa hela kuwakomboa watu waliokuwa watumwa, hela kabisa ya kuhesabu, akatuuliza na huyu mama kamba yake kaishika nani. Watu kimya. Mzee mmoja ndo akasema, ncha moja tumeishika sisi.

Kikao hicho hicho faini ikafutwa, marejesho yakasogezwa mpaka baada ya Pasaka, mfuko wa jamii ukamaliza lile deni la kausha damu, na wale wenzake wanne wakamdhamini tena kwa mkopo mdogo aanze kuuza futari, mihogo ya nazi, tambi, maandazi. Waliomnunulia jioni ni majirani zake Waislamu waliofunga kutwa nzima. Bado anadaiwa na kikundi ila analipa, na kikaoni anakuja kichwa juu.

Kasoro zipo. Vikao vinachelewa kuanza, vitabu vinaandikwa kwa mkono na ukikosa kikao kufuatilia hesabu yako ni kazi, na tafakari nyingine zinasomwa haraka haraka ili watu wawahi kukopa. Lakini linalonisumbua zaidi ni kwamba Pasaka ikishapita mambo yanarudi kule kule, faini palepale, hakuna anayeuliza mtu amechelewa kwa nini, na mama ntilie akikwama mwezi wa tisa atakwama peke yake. Huruma ya siku 40 haitoshi kabisa kwa watu wanaosali pamoja mwaka mzima.

Nimeshapeleka hoja kwa mwenyekiti tuweke kwenye katiba kwamba kabla ya faini wawili wamtembelee mhusika nyumbani kwanza, wamsikilize, ndo kikao kiamue. Itajadiliwa mzunguko mpya ukianza, na wanachama wapya wanapokelewa kipindi hicho hicho. Ukija omba uoneshwe cheti cha usajili, sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inataka vikundi hivi visajiliwe na kwa ngazi yetu unapitia halmashauri, sisi chetu tunacho. Na hoja yangu ukiiunga mkono nitashukuru, maana wapo wanaosema faini ndo inayofanya watu walipe.