Seti ya kusukumia beringi ya tairi: nimeitumia mara mbili kwenye gurudumu lile lile

Nimeitumia seti hii mara mbili, na mara zote mbili kwenye gurudumu la mbele kulia. Mara ya kwanza niliua beringi mpya. Mara ya pili beringi ilikaa sawasawa, na mpaka leo imetembea zaidi ya kilomita 6,000 bila mvumo wowote. Seti ni ile ile na mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni jambo moja ambalo karatasi ya maelekezo iliyomo sandukuni haikuligusa kabisa, na ndilo lililonifanya nikae niandike.

Nianze na kelele yenyewe, maana huko ndiko watu wengi wanakopotea. Gari langu ni dogo, linavutwa na magurudumu ya mbele. Lilianza kuvuma taratibu kuanzia kilomita 50 kwa saa, mvumo mzito kama wa ndege iliyo mbali, na ukawa unapanda kadiri mwendo unavyopanda. Nilidhani ni matairi. Tairi iliyolika kwa mawimbi huvuma karibu sawa na beringi, kwa hiyo nilihamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Mvumo haukuhama. Halafu nikazingatia barabara: kelele ya tairi hubadilika ukitoka kwenye lami laini kuingia kwenye lami yenye kokoto, lakini yangu ilibaki vile vile. Nikiweka gia huru kwenye mteremko mrefu na kuacha gari liende lenyewe, bado ilivuma, kwa hiyo si injini.

Ikabaki kujua ni upande gani. Mdogo wangu alikaa kiti cha nyuma akasikiliza, akasema, "Kaka, ni huku kushoto, nina hakika." Hata mimi masikio yangu yaliniambia kushoto. Lakini bodi ya gari husafirisha sauti, na sikio ukiwa ndani hudanganywa kwa urahisi. Kipimo kinachoaminika zaidi ni usukani. Kwenye kona pana ya kushoto uzito wa gari huegemea upande wa kulia, na mvumo wangu uliongezeka hapo. Kwenye kona ya kulia ulipungua karibu kuisha. Beringi mbovu hulia zaidi inapobebeshwa mzigo, kwa hiyo mshukiwa alikuwa wa kulia.

Nikainua gari, nikaliweka juu ya stendi (jeki peke yake haitoshi, hata kwa dakika mbili), nikashika tairi juu na chini na kulitikisa. Halikucheza hata kidogo. Hapa wengi huhitimisha kwamba beringi ni nzima, na si kweli. Tairi kucheza ni dalili ya ubovu uliokomaa. Beringi inaweza kuvuma miezi mingi kabla haijalegea. Na tairi likicheza ukishika kushoto na kulia lakini likatulia ukishika juu na chini, angalia kwanza ncha za usukani. Kilichonipa jibu ni springi: nilizungusha gurudumu kwa mkono mmoja, mkono mwingine nikauweka juu ya springi ya shokapu. Upande wa kushoto springi ilikuwa tulivu. Upande wa kulia nilihisi mkwaruzo mdogo, kama mchanga unaosagwa mbali sana. Masikio mawili yalisema kushoto, mkono ukasema kulia, na mkono ndio uliokuwa sahihi.

Sasa seti. Kabla ya kuinunua, jua gari lako lina beringi ya aina gani. Magari mengi ya siku hizi huja na beringi iliyounganishwa moja kwa moja na habu, kile kitovu ambacho tairi hufungwa juu yake: unafungua bolti tatu au nne, unatoa kipande kizima, unafunga kipya. Kama yako ni hiyo, seti hii huihitaji kabisa. Inawahusu wenye beringi inayosukumwa kwa nguvu ndani ya nako, kile chuma kinachobeba habu, kisha habu nayo ikasukumwa ndani ya beringi.

Ndani ya sanduku kuna nondo ndefu yenye hesi, nati zake, vikombe kadhaa na sahani za chuma za vipenyo mbalimbali. Wazo lake ni rahisi: nondo inapita katikati ya nako, kikombe kinakaa upande mmoja, sahani upande wa pili, ukikaza nati vinakaribiana na beringi inatoka au inaingia. Kinachofanyika kwa presi ya haidroliki karakana unakifanya kwa spana, gari likiwa juu ya stendi. Vikombe ni chuma kizuri na havikupinda. Sahani zimechongwa vizuri na vipimo vimegongwa juu yake. Beringi yangu ina kipenyo cha nje cha milimita 72, na sahani ya 71.5 iliikalia kana kwamba ilitengenezewa hiyo. Nondo ndiyo inayonipa wasiwasi. Hesi zake huchemka haraka, na bila grisi nyingi zitakwanguka. Mimi niliipaka grisi kila baada ya mizunguko kama kumi, na hata hivyo naona hesi za katikati zimeanza kung'aa.

Kifaa cha kutolea habu hakimo. Hilo ni pungufu kubwa kwa seti inayojitangaza kwamba imekamilika, kwa sababu habu ndiyo inayotangulia kutoka. Nilikwenda kuazima nyundo ya kuteleza, ile yenye uzito unaoteleza juu ya fimbo ili kuvuta kitu kitoke.

Kufungua sitaeleza sana. Nati kubwa ya katikati ilegeze tairi likiwa chini na mtu amekanyaga breki. Kalipa, ile inayobana brekipadi, ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa hosi yake. Sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) itoe mapema kabla hujaanza kugonga chochote. Habu ilipochomoka ilitoka na nusu ya pete ya ndani ya beringi imeng'ang'ania juu yake, jambo la kawaida kabisa. Nililikata pete kwa grainda karibu kulimaliza, nikamalizia kwa tindo likapasuka. Usiguse habu yenyewe kwa diski ya grainda. Alama ndogo tu hapo itaisumbua beringi mpya. Kisha kuna klipu ya duara inayozuia beringi isitoke kwenye nako. Ilikuwa imeota kutu na ilinichukua karibu saa nzima. Mtu akisahau klipu hiyo na kuanza kuvuta, atavunja nondo kabla beringi haijasogea.

Jambo moja zaidi kuhusu ABS: kwenye magari mengi upande mmoja wa beringi una sili yenye sumaku, na sensa husoma hiyo. Upande huo lazima uelekee sensa. Ukiigeuza, beringi itaingia vizuri tu, lakini taa ya ABS itawaka na utarudia kazi yote. Upande wenye sumaku kwa kawaida ni ule mweusi au wa kahawia, na klipu ya karatasi hujishika hapo kidogo. Usiiweke beringi karibu na sumaku ya zana.

Beringi mpya ilikuwa imelala kwenye jokofu usiku kucha ikiwa ndani ya mfuko wake. Chuma kikipoa husinyaa kidogo. Nilisafisha tundu la nako kwa brashi ya waya mpaka likang'aa, nikapaka mafuta kidogo, na ile sahani ya 71.5 ikaisukuma ndani bila kukwama. Nikafurahi. Nikarudisha klipu, nikaweka habu mbele ya beringi, nikapitisha nondo, nikaweka kikombe kikubwa kwa nyuma kikiegemea nako, nikakaza mpaka habu ikazama. Ilizunguka vizuri mkononi. Gari likaondoka kimya.

Kimya kilidumu siku nne. Siku ya tano mvumo ulirudi, na safari hii ulikuwa na mdundo ndani yake.

Kosa lilikuwa kile kikombe kikubwa, na ningependa kila mwenye seti hii alielewe hili kabla hajashika spana. Beringi ina pete mbili na gololi katikati. Unapoisukuma ndani ya nako, inayobana ni pete ya nje, kwa hiyo sukuma pete ya nje. Unapoisukuma habu ndani ya beringi, inayobana ni pete ya ndani, kwa hiyo pete ya ndani ndiyo lazima ishikiliwe kwa nyuma. Mimi nilishikilia nako. Nguvu ikatoka kwenye habu, ikaingia pete ya ndani, ikapita kwenye gololi, ndipo ikafika pete ya nje. Nguvu hiyo ni ya tani kadhaa, na gololi hugusa pete kwa nukta ndogo sana. Kila gololi iliacha kishimo chake kwenye njia inayopita. Kishimo hicho huwezi kukihisi kwa kuzungusha kwa mkono, lakini gololi ikikipita mara maelfu kwenye mwendo wa barabara kuu, chuma kinaanza kumeguka.

Nilipoitoa beringi ile na kuifungua nilivikuta vishimo hivyo, vimepangana kwa nafasi sawa kama shanga. Niliumia. Karatasi ya maelekezo inaonyesha picha ya kusukuma beringi ndani ya nako, basi. Hatua ya habu haimo. Mtengenezaji anayeuza kifaa cha nguvu namna hii alipaswa kuiweka picha ya pili kabla ya kitu kingine chochote.

Mara ya pili nilitumia nusu ya pete ya ndani ya beringi ya zamani, ile iliyobaki upande wa ndani, kama nguzo. Ina upana ule ule wa pete mpya na haigusi kitu kingine. Niliiweka nyuma ya beringi mpya, nyuma yake nikaweka washa nene na sahani ndogo, nikavuta habu. Nati ilikuwa nzito lakini mwendo wake ulikuwa sawa mwanzo hadi mwisho, kisha ikagota. Kazi nzima ilichukua saa tatu. Mara ya kwanza ilikuwa saa saba.

Nati ya katikati nilifunga mpya, kwa spana ya kupimia nguvu, Nm 216 kama mwongozo wa gari langu unavyotaka. Lako litakuwa na kipimo chake, na mengine huongeza mzunguko wa nyuzi baada ya kukaza, kwa hiyo usichukue namba yangu. Nati hiyo ndiyo inayozibana nusu mbili za pete ya ndani pamoja, kwa hiyo gari lisishushwe uzito wake juu ya gurudumu kabla nati haijakazwa. Usiikaze kwa mashine ya kugongesha pia, kwa sababu huwezi kujua umefika wapi.

Je, naipendekeza seti? Kwa mwenye gari la beringi za kusukuma, mwenye stendi imara, spana ya kupimia na siku nzima ya kutulia, ndiyo. Nguvu inayo na vipimo vyake ni vya kweli. Lakini anunue grisi nzuri, atafute nyundo ya kuteleza kabla hajafungua chochote, na pete kuukuu asiitupe. Kwa mwenye kubadilisha beringi moja tu maishani, nadhani ni busara zaidi kuitoa nako nyumbani na kuipeleka kwa fundi mwenye presi. Kazi ya presi ni dakika chache, na unaweza kusimama pale uhakikishe ameshikilia pete ya ndani.

Beringi ya kushoto sijaigusa. Watu waliniambia nibadilishe zote mbili kwa pamoja, lakini hazilazimiki kwenda jozi kama brekipadi. Kila nikiinua gari naweka mkono juu ya springi ya upande ule na kuzungusha gurudumu, na mpaka sasa iko tulivu.