Musimu ya Mazembe 2023-24 ku Kamalondo: uwanja nyota tano, kalendriye nyota moja

Kila ligi ikianza kuko bantu banaulizaka kama kulipa tike ya Mazembe, klabu kubwa ya mupira ya Lubumbashi, iko na maana, juu mupira ya Uingereza banaangalia ku bare na chupa moja ya bia ya Simba na hakuna mutu anabafukuza mpaka usiku. Basi naweka hapa maoni yangu, maoni ya mutu mwenye analipa na franga yake mwenyewe, haiko mwenye anaingia na badji. Nitasema juu ya musimu ya 2023-24, ile yenye ilimalizika na taji ya 20 ya Kongo, juu njo inaonyesha kila kitu utanunua ukinunua Linafoot, ligi kubwa ya Kongo, hapa Lubumbashi, bizuri na bibaya. Uwanja ninalipia na roho nyeupe, ekipe pia, lakini kalendriye ya ligi yetu kama ingekuwa inauzwa peke yake ku soko ya Kenya, ile ya hapa Lubumbashi, ingelala pale mpaka ioze.

Tuanze na uwanja. Iko ndani ya Kamalondo yenyewe, commune ya hapa Lubumbashi, katikati ya manyumba ya bantu, haiko kule mbali fasi utalipa pikipiki ya kwenda na ya kurudi bei ya tike mara mbili. Ilifunguliwa 2011, inabeba bantu karibu 18,000, na ni ya klabu, haiko ya serikali, kitu yenye ku Afrika yetu utatafuta sana mbele ya kuipata. Majani yake ni ya sintetiki. Bengine banaichukia, banasema mupira inaruka sana na magoti ya bachezaji inaumia, na labda biko bya kweli, lakini mwenye alisha kucheza mupira ku udongo yetu mwekundu mwezi wa pili, mvua ikishapita, anajua juu ya nini mi siwezi kulalamika. Mvua inanyesha, inapita, mechi inaendelea, unarudi nyumba na biatu safi. Ukikaa ku tribini utakuwa na kivuli na utaona mupira bizuri, ukikaa ku upande ya jua utachomeka ku uso saa tisa yote lakini bei iko chini na kelele iko tamu, ngoma, tarumbeta, ba Cent pour cent, bashabiki ba Mazembe, na rangi yao nyeupe na nyeusi, na kuko kila mara papa mumoja nyuma yako mwenye anajua kufundisha kupita kocha. Mi nachagua upande ya jua. Kofia tu, na karanga mu mufuko, juu kitu ya kula ya maana iko inje: michopo, nyama ya kuchoma, na pilipili, kisha mechi, ile saa bantu banatoka na njaa na banabishana.

Ekipe sasa. Kocha ilikuwa Lamine N'Diaye, Musenegali, ule ule mwenye alikuwa na Mazembe 2010 ile siku ya Abu Dhabi, ku Kombe ya Dunia ya Klabu. Alirudi 2023 akakuta nyumba yenye kelele, juu 2022-23 ligi haikufika hata mwisho, ilikatika njiani, hakuna bingwa, bantu balilipa tike ya hadithi yenye haina mwisho. Mutu yeyote angeanza na kununua majina makubwa, ye aliwekea vijana imani akajenga kuanzia nyuma. Golikipa Aliou Badara Faty, Musenegali naye, alikuwa mutulivu mpaka unasahau kama iko pale, na mbele Fily Traoré wa Mali alikuwa anasumbua mabeki na mwili yake, pembeni Oscar Kabwit na mbio yake. Sasa nisikudanganye, haikuwa mupira ya kukufanya uruke juu ya kiti kila dakika tano. Mechi mingi ya ligi ni kushika mupira, kuzunguka, kuzunguka tena, kungojea, kisha goli moja ao mbili na kila mutu anarudi kwake. Kama unalipa juu ya kuona magoli tano utakasirika. Kama unapenda kuona ekipe yenye inajua kazi yake, utatoka umeshiba. Nyota ine.

Wazee ba Kamalondo habatakubali hata hizo ine. Bale baliona 1967 na 1968, wakati klabu ilikuwa inaitwa Englebert na ilichukua Afrika mara mbili mfululizo, na hata bale baliona 2010 tu, wakati tulipiga Internacional ya Brazili 2-0 na Kabangu na Kaluyituka bakafunga, golikipa Kidiaba akaruka ruka na matako mbele ya dunia nzima (kisha akawa mwanasiasa, alichaguliwa deputé ya jimbo, na bado bantu banamuomba aruke). Ukikaa karibu na wazee hao kila pasi mbaya utasikia "Mputu hangefanya vile", ule mushambuliaji wa zamani wa Mazembe. Ni kweli hangefanya vile. Lakini huwezi kukataa sahani ya leo juu ya ile ya jana. Na ndugu zetu ba Tanzania benye banatusoma, banajua bizuri 2015, Samatta na Ulimwengu balikuwa hapa hapa, Samatta akamaliza mufungaji bora wa Ligi ya Mabingwa, ile kiwango haijarudi bado, nakubali.

Sasa kalendriye, na hapa nisamehe nitarefusha juu njo inanichoma. Linafoot ya ile musimu ilichezwa kwa zone mbili kwanza, kisha bale ba kwanza banakutana ku play-off ya kutafuta bingwa. Sababu naielewa, hii inchi ni kubwa, kutoka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,500 na hakuna barabara ya kupitisha ekipe na bisi, kila kitu ni ndege, na ndege ni dola, na klabu ndogo hazina dola. Basi zone ni akili. Lakini kwa mwenye analipa maana yake ni hii: miezi mingi unaona ba jirani tu, ekipe za hapa mujini na za Kolwezi, na bale benye unangojea kwa hamu, Vita na Motema Pembe ba Kinshasa, utabaona labda kule mwisho, labda. Na mechi za CAF, shirikisho ya mupira ya Afrika, zikiingia kati, mechi ya ligi inasukumwa, kisha inasukumwa tena, kisha zinakuja zote mu wiki moja kama bisi za Kasapa, na wewe umeomba ruhusa ku kazi siku ya tatu wakati mechi imeenda siku ya tano. Habari unaipata wapi? Ku WhatsApp, kwa mutu mwenye aliisikia kwa mutu. Siwezi kusema ni kosa ya klabu, klabu pia inaletewa tarehe kama sisi. Lakini kama biashara ya kuuza mupira, hapana. Nyota moja, na hiyo moja ni ya zawadi juu mara hii walau ligi ilifika mwisho.

Derbi na Lupopo iko kitu ingine, pale usiulize bei, nunua. Klabu zote mbili zilizaliwa 1939, Mazembe ya ba père ba benediktini, Lupopo ya ba shemino ba reli, na kutoka ile siku hakuna familia ya Lubumbashi yenye haijagawanyika. Shemeji yangu iko njano na bluu mpaka ku pazia ya salo. Ile wiki ya derbi tunaongea tu juu ya bei ya unga. Ba Lupopo taji yao ya mwisho ya Kongo ni 2002 na hiyo namba nimeiweka hapa makusudi juu najua atasoma. Kwa ambiance ni mechi moja yenye inafunika musimu yote, utakuja saa tano ya asubui na utakuta bantu bameshakaa.

Watu bengi wanaweka pamoja ligi na Ligi ya Mabingwa, lakini kama muteja ujue ni bidhaa mbili. Uwanja ule ule yenye siku ya ligi unaweza kulala juu ya biti bitatu, siku ya CAF hakuna fasi ya kuweka muguu. Ile musimu tuliona Sundowns ikipigwa 1-0 hapa, na mwezi wa ine 2024 Al Ahly ilikuja ku nusu fainali tukatoka 0-0, mechi nzito, nzuri, bantu balitoka bila sauti. Ile ya kurudi ku Kairo niliangalia ku bare moja ya mujini, sitaji jina, mwenyewe aliongeza bei ya bia juu ya mechi, kisha kuran ya umeme ikakatika na jenereta "haina mafuta". Tulisikia goli ya tatu ya ba Misri kwa simu ya mutu. Kwa hiyo bale banasema ku bare ni rahisi kupita uwanja, bafanye hesabu yao bizuri.

Na kama unataka kujua taji ya ligi yetu inapima kilo ngapi inje, angalia tu yenye ilifuata, 2024-25: bingwa wa Kongo alimaliza wa mwisho ku kundi yake na pointi 5, nyuma ya Al Hilal, MC Alger na Yanga. Ba Yanga balitupiga 3-1 kule Dar. Ekipe yenye inacheza mechi za nguvu kidogo mu mwaka, zingine zote ikishinda bila kutoka jasho, itajifunza wapi? Kwangu hiyo pia ni deni ya kalendriye, haiko ya bachezaji.

Basi mwenye anataka kununua: chukua derbi, chukua play-off, chukua CAF, na zile mechi za zone za siku za kazi wachia bale benye banakaa karibu, ao beba mutoto, juu ndani kuko nafasi na kuko amani na atajifunza nyimbo. Tike nunua ku giche mbele ya siku yenyewe, bale ba vijana benye banakuvuta mukono ku njia banaongeza bei na zingine haziingizi. Maji beba kidogo. Na mwenye anatoka ku Tanzania ao Zambia kupitia Kasumbalesa, ni kilometa kama 90 tu mpaka hapa, lakini usilipe bisi mbele ya kupigia mutu wa Lubumbashi simu na kumuuliza kama mechi bado iko.