Laptopu ya mtumba kwa ajili ya Linux: ipi itahimili kerneli mpya za kila wiki?

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 2025, ndugu na jamaa wananiuliza wanunue laptopu gani ya mtumba ya kuweka Ubuntu au Debian, yaani mifumo endeshi ya Linux. Wengi huanza na RAM. Mimi huanza na draiva, programu zinazoendesha vifaa kama Wi-Fi: zinakaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, au nje yake?

Kerneli ya Linux hupata toleo kubwa kila baada ya wiki 9 au 10, na katikati marekebisho hutoka karibu kila wiki, mengi yakiziba mianya ya usalama. Draiva iliyomo ndani hurekebishwa pamoja nayo. Iliyo nje lazima ijengwe upya kwa kila kerneli. DKMS, programu ya kujenga draiva upya yenyewe, huifanya kazi hiyo kimyakimya, mpaka siku kerneli ibadilishe kitu ambacho draiva hiyo inakitegemea. Hapo unawasha mashine, Wi-Fi haipo. Mimi yalinikuta usiku, na kazi inatakiwa asubuhi. Niliwasha kwa kerneli ya zamani kupitia menyu ya GRUB inayotokea mashine ikiwaka, nikachukua intaneti ya simu kwa waya wa USB. Waya huo hautoki tena kwenye begi langu.

Namba moja kwangu ni laptopu za ofisi zenye grafiki na Wi-Fi za Intel, kama ThinkPad T480 au Dell Latitude 7490, zote za 2018. Draiva zake, i915 na iwlwifi, zimo ndani ya kerneli. Baadhi ya T480 zina kadi ya ziada ya NVIDIA. Hizo ziache, tafuta isiyo nayo. Bajeti ikibana, chukua T470: prosesa zake za kizazi cha 7 hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11, nawe itumie hoja hiyo kuombea punguzo. Linux haijali.

Zinazofuata ni za AMD Ryzen. Draiva ya amdgpu imo ndani tangu kerneli 4.2 ya 2015, kwa hiyo grafiki hazinipi wasiwasi. Angalia Wi-Fi. Kadi ya MediaTek MT7921, kwa mfano, iliingia kwenye kerneli 5.12, hivyo Debian 11 yenye 5.10 haiitambui bila kuongezewa kerneli mpya zaidi.

Ya tatu ni yenye NVIDIA, kwa anayehitaji kwelikweli CUDA, teknolojia ya NVIDIA ya kufanyia hesabu nzito kwenye kadi ya grafiki. Kampuni ilifungua msimbo wa moduli zake, yaani vipande vya draiva vinavyoingia kwenye kerneli, mwaka 2022, lakini bado zinakaa nje ya kerneli. Usishuke chini ya kizazi cha Turing cha 2018, maana moduli hizo za wazi zinaanzia hapo.

Mwisho kabisa naweka MacBook Air za 2013 hadi 2017. Nzuri kushika, ila Wi-Fi yake ya Broadcom BCM4360 hutegemea draiva yenye msimbo uliofungwa iitwayo wl, nayo ndiyo aina inayokwama kerneli ikibadilika.

Dukani nenda na flashi yenye Ubuntu. Washa mashine kutoka humo bila kusakinisha chochote, fungua terminali, andika lspci -k. Chini ya kadi ya Wi-Fi na ya grafiki tafuta mstari wa "Kernel driver in use". Usipouona kwenye Wi-Fi, irudishe mashine mezani. Ukiuona, unganisha kwenye hotspoti ya simu yako ufungue hata ukurasa mmoja. Kisha ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine: mashine zilizotoka maofisini mara nyingine hubaki na nywila ya mwenye mali wa kwanza, na bila nywila hiyo huwezi kugusa Secure Boot, ulinzi unaoruhusu programu zilizoidhinishwa tu kuwasha mashine. Muuzaji akikataa usiwashe kwa flashi, maduka yako mengi.