TAHADHARI: Kompyuta inajizima ovyo, muuzaji anakwambia "ni Windows tu"

Ndugu zangu mnaotafuta kompyuta mpakato za mtumba, someni hili kabla hamjatoa hela. Kuna mchezo mchafu kwa baadhi ya wauzaji wa "used za Dubai", wa madukani Kariakoo na wa Instagram, na umemkuta mdogo wangu wa kike aliyenunua mashine ya kusomea chuo. Duka silitaji kwa kuwa shauri lake bado linaendelea.

Unauziwa mashine inang'aa, imefutwa vizuri, ina stika mpya ya prosesa na waranti ya mwezi mmoja kwa maandishi. Hazipiti siku nyingi inaanza kuganda katikati ya kazi, inatoa skrini ya bluu, inajizima na kuwaka yenyewe. Haina mpangilio wowote: leo ukiwa unaandika, kesho ukiwa unatazama video, keshokutwa inashinda nzima kabisa. Unarudi dukani, unapokelewa kwa maneno matamu: "Pole dada yangu, hiyo ni Windows tu, iache tukupigie nyingine, njoo kesho." Kesho inakuwa wiki ijayo. Unaichukua, inatulia kidogo, halafu yale yale. Ukirudi tena, sasa ni virusi. Ukirudi tena, ni umeme wa kwenu. Waranti inakatikia mezani kwao. Mwezi ukiisha lugha inabadilika: bodi imekufa, lete laki mbili na nusu. Hicho ndicho kiasi alichotajiwa mdogo wangu.

Niliichukua ile mashine nikaipima kwa MemTest86, programu ya bure ya kupima RAM (kifaa kinachoshika kazi zinazoendelea mashine ikiwa imewaka), inayowashwa kutoka kwenye fleshi bila kupitia Windows. Mzunguko wa kwanza haujaisha, makosa mekundu yamejaa skrini. Ndani kulikuwa na RAM mbili za GB 4, kila moja ya kampuni yake. Nikazipima moja moja: ya kwanza safi, ya pili mbovu. Nikaitoa ile mbovu, na mashine haijaganda wala kujizima tena. Bodi waliyosema imekufa ndiyo hiyo hiyo inayofanya kazi mpaka leo.

Mjue kwa nini uongo wa "ni Windows" unaaminika. RAM ikiwa na sehemu mbovu, chochote kitakachowekwa pale kinaharibika, kiwe cha Windows au cha barua yako. Ndiyo maana anguko, yaani huko kuganda na kujizima, halina mpangilio, na skrini ya bluu inabadilisha maneno: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Windows mpya isiyo na programu nyingi inatumia RAM kidogo, kwa hiyo pengine haigusi ile sehemu mbovu siku za mwanzo. Ukianza kufungua kazi zako zote, shida inarudi.

Lakini linaloniuma zaidi ni ushahidi. Windows inaweka kumbukumbu ya kila anguko. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, utaona kalenda yenye alama nyekundu kwenye kila siku ambayo mashine ilianguka. Pia kuna folda C:\Windows\Minidump yenye mafaili ya skrini za bluu. Muuzaji akifuta diski na kupiga Windows mpya, vyote hivyo vinapotea, na kalenda inaanza upya kama vile mashine haijawahi kukosea. Kwa hiyo kabla hujaipeleka, piga picha kalenda hiyo, nakili folda hiyo kwenye fleshi, piga picha skrini ya bluu yenyewe ukiiwahi, kisha mtumie muuzaji kwa WhatsApp siku hiyo hiyo ili tarehe ya malalamiko yako ibaki ndani ya waranti. Ukiiacha mashine, dai karatasi yenye tarehe, tatizo ulilolitaja na namba ya mashine. Akikataa kuandika, usiiache.

Kuna na hili walilomfanyia mdogo wangu: walimfungulia Event Viewer, orodha ya matukio iliyomo ndani ya Windows, wakamwonyesha mstari wa Kernel-Power 41, wakamwambia "umeona, power, ni umeme wa kwenu." Si kweli. Mstari ule unasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu. Sababu hausemi.

Sisemi kila anguko ni RAM. Mashine inayozima ikishapata moto mara nyingi ina feni iliyojaa vumbi au gundi ya prosesa iliyokauka. Diski nayo inaweza kuchoka, ipime kwa CrystalDiskInfo. Ikiandika Caution au Bad, achana nayo. Ninachosema ni kwamba fundi anayepiga Windows mara ya pili bila kupima hata kimoja kati ya hivi hatengenezi chochote.

Unaponunua, kaa pale pale dukani uendeshe mdsched.exe, kipimo cha RAM kilichomo ndani ya Windows. Kinachukua muda, na muuzaji asiyetaka kukusubiri muache na mzigo wake. Linganisha namba ya mashine iliyo kwenye BIOS (menyu inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) na ile ya stika ya chini. Kwa Dell na Lenovo, ukiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni unaona mashine ilitoka kiwandani na vifaa gani.

Dai risiti ya EFD, na namba ya mashine iandikwe. Malalamiko ya mlaji aliyedanganywa yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Sisi tumeshapeleka ya kwetu, na picha za MemTest86 tumeziambatisha.

Kama mashine yako iko kwao sasa hivi, watumie ujumbe leo kwamba huruhusu diski ifutwe mpaka RAM ipimwe mbele yako. Ukipita pale, waombe waiwashe na MemTest86 ukiwa umesimama.