TAHADHARI: Anauza paina iliyopakwa oili chafu akisema ni mbao za jahazi

Mafundi wenzangu, yule muuzaji wa mbao kuukuu za majahazi ametupiga. Mbao 12 za futi 10, inchi 8 kwa 2, kila ubao 60,000, jumla 720,000. Za kweli 3. Tisa zote ni paina!

Msiseme hatukuangalia. Rundo alilipanga mwenyewe, zile tatu juu. Akashika randa mbele ya macho yetu, akaparaza kona ya ubao wa kwanza: kahawia yenye wekundu, mzito, mkongo usio na shaka, ule mti wa mbao ngumu. Tundu la msumari lilikuwa la pembe nne, weusi wa kutu umezama ndani na kufuata nyuzi. Ukingoni bado kuna pamba ya kalafati, ile ya kuziba nafasi kati ya mbao, na harufu ya sifa, mafuta ya papa ya kupaka chombo, inapanda. Halafu maneno anayajua: hili taruma (mbavu ya ndani ya chombo), huu wa ubavuni, ule wa mkuku (uti wa chini) haufai meza. Mtu anayeongea hivyo, nani atamwambia aparaze na wa saba? Magharibi imeingia, gari linanguruma, hela ikahesabiwa. Inaumiza, na inatia aibu.

Ubao wa nne, randa imekula milimita moja tu, chini mweupe, una vifundo, unanuka utomvu. Uso umechomwa kwa gesi, ukasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka nyuzi zikasimama, kisha ukanyweshwa oili chafu ya injini. Matundu ni ya keekee, chombo cha kutobolea, duara safi, kutu imepakwa mdomoni.

Mbili za hizo paina zilishaingia kwenye meza ya mteja ya futi 8 bila kurandwa, maana mteja alitaka uso wa kale usiguswe. Gundi nyeupe haishiki ubao uliokunywa mafuta. Klempu zilikaa saa 24, zilipofunguliwa kiungo kikaachia kwa mkono. Vanishi siku ya nne bado inanata. Ukifuta kwa thina, mafuta yanapanda tena kutoka ndani. Meza inavunjwa yote.

Sasa huyu asiishie kuonywa. Polisi, kesi, arudishe hela na alipe na gundi, vanishi na siku za fundi! Anawaharibia wote wanaovunja majahazi kwa haki na kung'oa msumari mmoja mmoja.

Ukienda kununua popote, pima uzito: ubao wa kipimo hicho wa mkongo mkavu ni kama kilo 25, wa paina kama 14. Paraza wa chini ya rundo, kata kichwa inchi moja uone rangi kama inafika katikati. Kitambaa cheupe kikitoka na weusi wa mafuta, ondoka.

Bado ana mbao kama 40 chini ya turubai, anasema zimetoka jahazi moja. Zote zina upana wa inchi 8 kamili. Jahazi gani hilo, wakati mbao za ubavuni huchongwa kufuata mkunjo, huku pana, kule nyembamba?